Kabla Mtoto Hajaanza Kutambaa: Mwongozo wa Usafi wa Nyumbani na Kinga ya Udumavu

Mtoto wa miezi 8 akiketishwa chini ya mgomba huku mama yake akipalilia kahawa, mkono wake haukawii kufika kinywani, na kila unapofika huko unafika na kitu: udongo, kipande cha jani, ganda la ndizi, na mara nyingine mavi ya kuku yaliyokauka, ambayo yeye bado hajui kuyatofautisha na vitu vingine vya dunia hii. Ua wa namna hiyo upo Kibosho, Uru, Marangu, Ngaramtoni na Usa River, mikoani Kilimanjaro na Arusha, na una ndugu yake katika nyumba za kupanga za Pasua mjini Moshi na Unga Limited mjini Arusha, ambako mgomba haupo lakini maji machafu yanapita mbele ya mlango. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi wa mtoto huyo. Unaanzia pale anapoketi mtoto badala ya kuanzia chooni, kwa sababu zitakazoelezwa, ingawa choo nacho kitafika zamu yake.

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, na sehemu kubwa ya madhara yake hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa, akacheka na kucheza, na ukoo mzima ukaridhika kwamba amefuata umbo la babu yake. Mwaka 2010 watoto 42 katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30. Hayo ni maendeleo, lakini mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, inayosifika kwa mavuno, imeendelea kuwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mwingi zaidi nchini. Chakula kinaweza kuwamo ndani ya nyumba na kisiwemo ndani ya mwili wa mtoto.

Uchafu unahusikaje na urefu? Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijinyama vidogo mno, vilivyosimama kama manyoya ya zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtoto anayemeza vimelea vya kinyesi kila siku, hata kwa kiasi kidogo kisichomletea kuhara, hupata uvimbe wa kudumu katika utumbo huo. Manyoya yale hufupika na kulala, ufyonzaji hupungua, na ukuta wenyewe huanza kupitisha vimelea kuingia mwilini. Mwili hulazimika kutumia katika kujilinda kile ambacho ungekitumia katika kurefusha mifupa. Ndiyo maana mzazi anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mtoto wake anakula vizuri na hajawahi kuharisha, na bado mtoto huyo akawa anabaki nyuma.

Hapa pana jambo ambalo miongozo mingi hulinyamazia. Majaribio makubwa yaliyofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 na 2019, yalizipa familia vyoo bora, sabuni na dawa ya kutibu maji, na huko Zimbabwe hata mahali pa kuchezea mtoto, lakini watoto hao hawakurefuka kuliko wenzao kwa sababu ya usafi huo. Waliopewa lishe ya nyongeza ndio walioongezeka urefu kidogo. Wako wanaosoma matokeo hayo wakaona kwamba usafi ni kazi bure. Mimi nayasoma hivi: uchafu ukipunguzwa nusu, mtoto anaendelea kula nusu iliyobaki, na inaelekea nusu hiyo inatosha kumdumaza. Kwa hiyo mwongozo huu hauahidi sentimita. Unapendekeza kwamba kaya isihangaike kusafisha kihamba kizima, yaani shamba lote linaloizunguka nyumba, kwa wastani, bali ichague eneo dogo analoishi mtoto na kulifanya safi kwelikweli, huku lishe ikienda sambamba.

Hatua ya kwanza: jua urefu wake

Kliniki nyingi humpima mtoto uzito kila mwezi na kuuandika katika kadi. Urefu hurukwa mara kwa mara, hasa foleni inapokuwa ndefu. Mwombe muuguzi kwa adabu ampime na urefu. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala kwenye ubao maalumu, kichwa kikigusa upande mmoja na miguu ikiwa imenyooshwa, na kazi hiyo inahitaji watu wawili, kwa hiyo ubaki hapo ushike kichwa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kawaida anapotimiza mwaka 1 huwa na takriban sentimita 76 na msichana 74. Mvulana aliye chini ya sentimita 71 na msichana aliye chini ya 69 katika umri huo huhesabiwa kuwa wamedumaa. Katika miaka 2 mipaka hiyo ni karibu sentimita 82 kwa mvulana na 80 kwa msichana. Kipimo kimoja hakitoshi. Andika tarehe na urefu, kisha rudia baada ya miezi 3.

Hatua ya pili: keti umtazame

Chagua asubuhi moja, umtazame mtoto kwa saa 1 bila kumzuia isipokuwa yuko hatarini, na uandike kila kitu kinachoingia kinywani. Usiwe mkaguzi wa nyumba ya jirani, wala usimfanyie hivyo dada wa kazi kwa kumvizia. Mwambie unachokifanya, mkae pamoja, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Andika pia ni nani aliyembeba na mikono yake ilikuwa imetoka wapi, kijiko kilianguka mara ngapi kikaokotwa na kufutwa kwa kanga, na kuku walifika umbali gani kutoka kwa mtoto. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha hatua ipi kati ya zinazofuata inakuhusu zaidi. Kuna nyumba ambayo tatizo lake ni maji, na kuna nyumba yenye bomba ndani na vigae sebuleni ambayo tatizo lake lote ni kuku watatu.

Hatua ya tatu: mpatie mtoto sakafu yake

Hii ndiyo hatua ninayoiona nzito kuliko zote. Mtoto anayeanza kukaa na kutambaa anahitaji eneo ambalo mnyama haingii na mtu mzima haingii na viatu. Kama nyumba ina sakafu ya saruji, tenga kona moja ya chumba, uizungushie mbao, makreti ya soda yaliyopinduliwa au viti vilivyolazwa, utandike mkeka wa plastiki unaofulika. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa macho lakini hubana uchafu kati ya mikunjo yake na haukauki haraka. Kila jioni mkeka usuguliwe kwa sabuni na kuanikwa. Asubuhi upigwe na jua pande zote mbili kabla mtoto hajawekwa. Vitu vya kuchezea, ambavyo kwa wengi wetu ni vifuniko, vijiko na makopo matupu, vioshwe pamoja na vyombo vya chakula.

Kama sakafu ni ya udongo, au imesiribwa kwa samadi kama ilivyo desturi katika baadhi ya nyumba za wafugaji, kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu mkeka uliotandikwa juu ya udongo huchafuka upande wa chini na kupinduliwa na mtoto mwenyewe. Familia yenye akiba ndogo ifikirie kusakafia chumba kimoja tu, kile anachoshinda mtoto, kabla ya kununua kochi au kupaka rangi. Huko Mexico serikali iliwasakafia wananchi wake maskini nyumba kwa saruji, na wachunguzi waliofuatilia walikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua kwa watoto. Kazi ya chumba kimoja kidogo haimalizi hata siku mbili za fundi, na kwa maoni yangu ni fedha iliyotumika vizuri kuliko makopo mengi ya unga wa lishe yanayouzwa kwa picha ya mtoto mnene.

Wakati wa kwenda shambani, chukua turubai dogo na umweke mtoto juu yake mahali ambapo samadi haijamwagwa karibuni. Afadhali zaidi ni kumbeba mgongoni, kama bibi zetu walivyofanya, ingawa mwenye kupalilia siku nzima anajua uzito wa ushauri huo.

Hatua ya nne: wafungie kuku, usiwauze

Katika vihamba vya Kilimanjaro ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini na kukatiwa majani, na hilo peke yake limetuepusha na mavi mengi uani. Kuku ndio walioachiwa huru. Mavi ya kuku hubeba bakteria wanaoshambulia utumbo wa mtoto, nao kuku, tofauti na ng'ombe, huingia jikoni, hupanda mezani na hulala chini ya kitanda. Nililelewa katika nyumba ambayo kuku walilala jikoni, na sikuona ubaya wake mpaka nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe anayetambaa.

Jenga banda lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye kuta za wavu au fito na sakafu ya mbao zilizoachana kidogo ili mavi yadondoke chini na kuzolewa kwa urahisi. Wape chakula na maji humo ndani, kwa maana kuku anayelishwa mlangoni atashinda mlangoni. Ikiwa huwezi kuwafungia mchana kutwa, wafungie angalau hadi saa 4 asubuhi na wakati wote mtoto anapokuwa chini. Mavi yanayozolewa yapelekwe kwenye rundo la mboji mbali na nyumba, si kwenye bustani ya mchicha unaochumwa kila siku. Kuuza kuku wote si jibu, kwa sababu yai ni moja ya vyakula bora na rahisi kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, na nyumba nyingi zenye kuku huuza mayai yote mtoto akabaki na uji mtupu.

Hatua ya tano: kinyesi cha mtoto kiende chooni

Iko imani iliyoenea, hata kwa watu waliosoma, kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa hajala chochote kikubwa. Si kweli, kina vimelea kama cha mtu mzima, na kwa kuwa watoto huugua tumbo mara nyingi, mara nyingine huwa navyo zaidi. Kinyesi kilicho kwenye nepi ya kitambaa kidondoshwe chooni kwanza, nepi ifuliwe kwa sabuni katika beseni lisilotumika kwa vyombo, na maji yake yamwagwe chooni, si chini ya mgomba wala kwenye mfereji unaoteremka kwa jirani. Pampasi ni tatizo la pekee: ikitupwa kwenye shimo la taka lililo wazi, mbwa huitoa usiku na kuichanachana uani; ikitupwa chooni, hujaza shimo kabla ya wakati wake. Kinyesi kikung'utwe chooni, pampasi yenyewe ifungwe kwenye mfuko na kuwekwa kwenye taka zinazozolewa na gari, au, pasipo na gari, ifukiwe kwa kina.

Mtoto anayeweza kuketi vizuri aanze kuzoeshwa poti. Poti imwagwe chooni mara moja na kuoshwa. Baada ya kumsafisha mtoto, osha mikono yako na ya kwake, maana naye hushika anakosafishwa.

Hatua ya sita: sabuni mahali inapohitajika

Sabuni iliyo bafuni haimsaidii mtu anayetoka chooni nyuma ya nyumba. Tengeneza vibuyu chirizi viwili: kimoja kando ya mlango wa choo na kingine jikoni. Dumu la lita 5 hutobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto karibu na mdomo, huning'inizwa kwenye mti ulalo, na kamba hufungwa kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, ili maji yachirizike bila kugusa dumu kwa mkono. Kipande cha sabuni kitiwe ndani ya soksi kuukuu au wavu na kufungwa imara, kwa sababu kunguru wa Moshi wanaipenda sabuni kuliko sisi. Nyakati ambazo hazina msamaha ni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, baada ya kushika mifugo, kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Sugua kwa sekunde 20, kisha ukaushe kwa hewa au kwa kitambaa safi, si kwa kanga uliyoivaa tangu asubuhi. Pasipo na sabuni, majivu yanafaa.

Hatua ya saba: choo

Choo bora kina sakafu inayooshika, kifuniko cha tundu, kuta, paa na mlango. Kinachosahaulika zaidi ni kifuniko, na bila hicho nzi huingia na kutoka wapendavyo. Shimo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, na upande wa chini wa mteremko kuliko chanzo hicho. Kwa wanaoishi mlimani, kanuni hiyo inauhusu pia mfereji wa kumwagilia, kwa sababu wako walio chini wanaouchota kwa kupikia. Katika tambarare ambako maji ya ardhini yako karibu, choo kiinuliwe badala ya kuchimbwa kirefu. Shimo lililojaa lifukiwe na kuachwa miaka 2 kabla ya kuchimbuliwa kwa ajili ya mbolea. Kupanda mgomba juu yake, kama wengi wafanyavyo, hakuna ubaya wowote.

Kwa wapangaji, choo kimoja hutumiwa na vyumba 6 au 8, na ugomvi wa zamu ya kuosha ni maarufu kuliko choo chenyewe. Andikeni zamu na kuibandika mlangoni, changeni sabuni na dawa, na mwenye nyumba aelezwe kwa maandishi shimo linapokaribia kujaa ili aite gari la majitaka mapema. Tabia ya kutapisha choo mvua inaponyesha, ili uchafu ubebwe na maji, ni kuwalisha watoto wa mtaa mzima kinyesi, na mtu akiifanya apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa afya bila haya ya ujirani.

Hatua ya nane: maji

Maji ya chemchemi za Kilimanjaro huonekana safi mno, na uzuri huo huwadanganya wengi. Yachemshwe mpaka yabubujike kwa dakika 1 nzima, au dakika 3 kwa walio juu ya mita 2,000, kisha yafunikwe yapoe katika chombo kilekile. Yahifadhiwe kwenye ndoo yenye koki au dumu la mdomo mwembamba. Maji yaliyochemshwa yakachotwa kwa kikombe kilichotoka mkononi mwa mtoto yamerudi yalikotoka. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa na asubiri dakika 30.

Kwa kaya zinazozunguka Mlima Meru kuna nyongeza. Visima na vijito vingi vya huko vina floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi sana kwa miaka, kupinda mifupa ya miguu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Maji ya kupikia uji na ya kunywa mtoto yatoke kwenye mvua iliyokingwa vizuri, kwenye bomba linalojulikana kuwa na floraidi kidogo, au yapitishwe kwenye chujio la mkaa wa mifupa, kisha ndipo yachemshwe kwa ajili ya vimelea. Miguu ya matege na ufupi wa udumavu ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yanahitaji daktari kuyatazama.

Hatua ya tisa: uji na chupa ya chai

Hadi miezi 6 mtoto anyonye tu, bila hata maji. Kuanzia hapo, hatari kubwa huhamia kwenye chakula, na hasa kwenye uji unaopikwa alfajiri, ukatiwa katika chupa ya chai, ukanywewa hadi alasiri. Chupa hiyo huutunza uji katika uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda, na baada ya saa chache kila kikombe ni kilimo cha vimelea. Pika kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Kilichokaa zaidi ya saa 2 bila jokofu asipewe mtoto. Unga unaweza kuandaliwa mapema na hata maji yakachemshwa asubuhi, na hilo linapunguza sana kazi ya dada wa mchana. Tumia kikombe na kijiko badala ya chupa yenye chuchu, ambayo haioshiki vizuri. Vyombo vya mtoto vikauke juu ya kichanja, si chini, na si kwa kufutwa.

Ndizi peke yake hazina protini wala madini ya chuma ya kutosha. Mtori utiwe nyama iliyopondwa au maharage yaliyochujwa maganda, parachichi lipondwe pembeni, yai lipatikane kila iwezekanapo, na maziwa ya ng'ombe au mbuzi yachemshwe kwanza. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, kwani sumu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa.

Akiugua, na ratiba ya kujiandaa

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula, apewe maji ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) yaliyochanganywa kwa kipimo cha pakiti, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kutapika kila kitu au kulegea ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishatimiza mwaka 1, asikose dawa ya minyoo inayotolewa mara 2 kwa mwaka pamoja na vitamini A.

Kazi hizi hazifanyiki katika wiki moja, na aliyejifungua hana nguvu za kuzifanya. Familia inayotarajia mtoto ichimbe na kusakafia choo wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba, kabla vuli haijalainisha udongo. Banda la kuku limalizike kabla mtoto hajazaliwa, ili kuku wazoee kulala humo. Sakafu ya chumba isakafiwe mtoto angali mikononi, kabla ya mwezi wa tano wa umri wake, maana saruji huhitaji kumwagiliwa kwa siku kadhaa ikomae, na mtoto akishaanza kujisukuma kwa magoti hatasubiri.